Runinga ya Chogo Inaongea Lakini Haionyeshi: Namna ya Kuutafuta Ubovu Hatua kwa Hatua

Runinga za chogo bado ni nyingi katika nyumba za Mtwara na Lindi, kuanzia Mikindani na Kilwa hadi Newala na Nachingwea, na huko vijijini baadhi yake bado zinahudumia vibanda umiza kila siku ya mechi. Zinapoharibika, malalamiko yanayomfikia fundi huwa ni sentensi moja tu: "Inaongea, ila haionyeshi." Sentensi hiyo hubeba matatizo mengi yasiyofanana hata kidogo, na kwa sababu hiyo watu hununua flaibaki wasiyoihitaji, yaani transfoma inayozalisha volti kubwa ya kioo, au huambiwa kwamba tyubu, yaani kioo chenyewe cha picha na shingo yake, imekufa, wakati ubovu ulikuwa katika waya wa king'amuzi au katika soketi iliyoliwa na unyevu wa chumvi. Njia inayofaa ni kujua kwanza kilichokosekana ni nini: je, ni ishara inayotoka nje, ni mwanga wa kioo chenyewe, au ni umeme unaouzalisha mwanga huo? Sehemu kubwa ya majibu hupatikana kabla ya kufungua skrubu hata moja.

Hatua tatu za mwanzo zinaweza kufanywa na mtu yeyote, kifuniko kikiwa kimefungwa. Kuanzia hatua ya nne kazi ni ya mtu aliyekwisha kuzoea mita na lehemu. Asiyezoea na aishie hapo, ampelekee fundi runinga pamoja na majibu aliyoyapata, kwani majibu hayo peke yake yataokoa muda na fedha.

Hatua ya kwanza: Tazama kama runinga inaandika maandishi yake

Washa runinga, ipe nusu dakika ili tyubu ishike moto, kisha bonyeza kitufe cha kuongeza sauti au cha menyu, kwenye rimoti au mbele ya runinga yenyewe. Ukiona mstari wa sauti au maandishi ya menyu yametokea vizuri, acha kuishuku tyubu na flaibaki, kwa sababu maandishi hayo hutengenezwa ndani ya runinga, na hayawezi kuonekana bila tyubu nzima, volti kubwa, na saketi zinazoupeleka mwale wa elektroni huku na huko juu ya kioo. Kilichokosekana hapo ni ishara tu, na hatua ya pili ndiyo inayokuhusu. Ikiwa maandishi hayaonekani na kioo ni cheusi kabisa ilhali sauti inasikika, ruka hadi hatua ya tatu. Ikiwa hakuna picha wala sauti, ubovu uko katika sehemu ya kupokea umeme au katika transista kubwa inayoiendesha flaibaki, na jambo hilo limeguswa katika hatua ya saba.

Runinga za zamani zaidi, zile zenye vinobu vya kuzungusha, haziandiki chochote. Kwa hizo, chagua chaneli tupu na utafute chenga. Chenga zikijaa kioo kizima, upande wa tyubu ni mzima. Kabla ya kusema kwamba chenga hazipo, zungusha kinobu cha mwanga na cha kontrasti hadi mwisho na kurudi, kwa maana watoto wanapenda sana kuvichezea, na mwanga uliopunguzwa hadi sifuri hauna tofauti na ubovu kwa mtu anayetazama kwa haraka.

Hatua ya pili: Ishara, waya na king'amuzi

Matangazo ya analojia yalizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na miji mingine ikafuata kwa awamu, kwa hiyo runinga ya chogo iliyounganishwa moja kwa moja na antena haina cha kupokea hata ikiwa nzima kabisa. Itaonyesha chenga au itaonyesha bluu tupu, kwa kuwa runinga nyingi huficha chenga kwa rangi ya bluu na kuzima sauti pale zisipopata ishara. Bluu hiyo si ugonjwa. Ni alama kwamba runinga inafanya kazi na inasubiri king'amuzi.

King'amuzi kinapounganishwa kwa waya zenye vichwa vitatu, kichwa cha manjano hubeba picha, na cheupe na chekundu hubeba sauti. Kwa kuwa picha ina njia yake peke yake, waya wa manjano ukikatika ndani utapata hali ileile ya kuongea bila kuonyesha. Kipimo chake hakihitaji chombo chochote: chomoa waya mweupe pande zote mbili, uchomeke katika matundu ya manjano ya king'amuzi na ya runinga, uone kama picha inarudi. Ikirudi, nunua waya mwingine. Hakikisha pia kwamba runinga iko kwenye AV, yaani njia ya kupokea picha za waya, na si kwenye chaneli, na kwamba hakuna kitu kilichochomekwa kwenye tundu la manjano la mbele au la ubavuni, kwa sababu katika runinga nyingi tundu la mbele hulikata la nyuma.

Ving'amuzi vingi vidogo vya siku hizi havina matundu matatu, bali kitundu kimoja chembamba kinachofanana na cha spika za masikioni, na waya wake una pini moja upande mmoja na vichwa vitatu upande wa pili. Waya hizi zinafanana kwa sura tu, maana mpangilio wa ndani hutofautiana kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, na waya wa kamera au wa deki ya DVD unaweza kuingia bila shida na bado ukaipeleka picha mahali pa sauti. Dalili yake ni mngurumo mzito kwenye spika unaobadilika picha inapobadilika. Ukiusikia, jaribu kila kimoja cha vichwa vitatu katika tundu la manjano kabla ya kwenda kununua kitu.

Kama king'amuzi kina tundu la HDMI peke yake, unahitaji kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda AV. Kigeuzi hicho kinataka umeme wake kupitia waya wa USB, na watu wengi huuacha bila kuuchomeka kwa kudhani kwamba ni wa ziada. Ubavuni kina swichi ndogo yenye maneno PAL na NTSC, yaani mifumo miwili ya picha. Tanzania hutumia PAL, yenye mistari 625 na mizunguko 50 kwa sekunde, na runinga za chogo zinazojua PAL peke yake zikipewa NTSC zitaonyesha picha isiyo na rangi, au picha inayopanda na kushuka bila kutulia, au hazitaonyesha kitu cha maana. Mpangilio kama huo upo pia ndani ya menyu ya king'amuzi, na unaweza kubadilika king'amuzi kinaporudishwa katika hali ya kiwandani. Hapo itabidi ukiunganishe na runinga ya kisasa kwa dakika chache ili uurekebishe.

Hatua ya tatu: Sikiliza, sogeza mkono, chungulia

Hatua hii ifanyike usiku au katika chumba chenye giza. Sogeza upande wa nyuma wa mkono wako karibu na kioo, kisha mtu mwingine awashe runinga. Kama volti kubwa ipo, utasikia mchakacho mwepesi kwenye kioo na malaika ya mkono yatasimama. Kisha chungulia kupitia matundu ya hewa ya nyuma, bila kuingiza kitu chochote, utafute mwanga mdogo wa rangi ya chungwa kwenye ncha ya shingo ya tyubu. Huo ni moto wa hita, ambao bila huo elektroni hazitoki.

Mchakacho ukiwepo na moto ukiwepo, tyubu ina mahitaji yake makubwa lakini mwale umezuiwa, na utakwenda hatua ya tano. Mchakacho ukiwepo bila moto, tatizo liko kwenye shingo, na hatua ya nne ndiyo ya kuanzia. Vyote viwili vikikosekana ilhali sauti ipo, flaibaki haifanyi kazi, kwa kuwa katika runinga nyingi umeme wa hita nao hutoka kwenye flaibaki hiyohiyo. Nenda hatua ya saba. Zingatia pia kinachotokea unapozima: kioo kikitoa mmweko mmoja wa mwanga kisha kikafa, basi hita na volti kubwa vyote ni vizima.

Kabla ya kufungua kifuniko

Tyubu ya inchi 21 hupewa volti zinazokaribia 25,000, nayo huweza kuihifadhi chaji hiyo kwa muda mrefu baada ya runinga kuzimwa, hata ikiwa imekaa stoo. Kapasita kubwa (kikopo kinachohifadhi umeme) ya upande wa kupokea umeme nayo hubeba volti 320 hivi, na hiyo ndiyo ninayoihofia zaidi, kwa sababu ile ya tyubu hukurusha mkono, na mara nyingi mtu huumia kwa kujigonga au kwa kuangusha tyubu, ilhali hii ya kapasita ina nguvu ya kutosha kumdhuru mtu moyoni.

Chomoa waya wa umeme ukutani. Kuzima kwa rimoti au kwa swichi hakutoshi. Chomoa pia waya wa antena na wa king'amuzi. Vua pete na saa, vaa viatu vyenye soli ya mpira, simama mahali pakavu, na uwaondoe watoto. Kwa kapasita kubwa, gusisha miguu yake miwili kwa waya za balbu ya kawaida ya wati 60 au 100 kwa sekunde kadhaa, kisha pima kwa mita uhakikishe kwamba volti zimeshuka hadi karibu na sifuri. Usiigusishe na bisibisi moja kwa moja, kwa kuwa cheche yake hung'oa njia za shaba za bodi.

Kwa tyubu, tafuta waya mtupu uliosukwa ambao umelala juu ya rangi nyeusi ya mgongo wa tyubu. Huo ndio ethi yake, yaani njia ambayo umeme hurudia. Funga waya wenye kibanio kutoka hapo hadi kwenye chuma cha bisibisi ndefu bapa yenye mpini mzuri wa plastiki, kisha, mkono mmoja ukiwa nyuma ya mgongo, penyeza ncha ya bisibisi chini ya kofia ya mpira iliyo ubavuni mwa tyubu hadi iguse chuma cha katikati. Utasikia "tak". Subiri dakika chache urudie, maana kioo cha tyubu hurudisha sehemu ya chaji yake. Wako mafundi wanaoipeleka cheche hiyo kwenye ethi ya bodi badala ya ethi ya tyubu. Runinga ikifanyiwa hivyo yaweza kuingia na ubovu mmoja na kutoka na miwili, kwa sababu cheche hupita ndani ya aisii ndogo (kipande cheusi chenye miguu mingi) na kuiua.

Usiunyanyue mzigo wa tyubu kwa kushika shingo yake. Shingo ikivunjika hewa huingia kwa mlio wa "fsss", na kazi imekwisha.

Hatua ya nne: Soketi na shingo ya tyubu

Katika ukanda wa pwani hapa ndipo ninapoanzia hata kabla ya kuwasha mita. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hunyonya unyevu. Wakati wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, runinga iliyo karibu na dirisha linaloelekea baharini hukusanya utando mwembamba juu ya bodi zake. Sehemu inayoteseka mapema ni soketi nyeupe au ya kijivu iliyobanwa kwenye shingo ya tyubu, kwa sababu ndani yake kuna vijitundu vidogo vya kurushia cheche, ambavyo huilinda saketi pale volti inapozidi, na vijitundu hivyo vikishaota kutu ya kijani huvujisha volti ya fokasi (inayoikaza picha iwe safi) na ya skrini (inayoongeza mwanga) kwenda kwenye ethi.

Dalili zake ni rahisi kuzitambua ukiuliza vizuri. Mama mmoja alikuja na inchi 21 akisema, "Mwanangu, asubuhi giza, jioni inaonyesha." Swali la kumrudishia si la bei wala la umri wa runinga, bali ni hili: "Mama, ikianza kuonyesha, inaanza na ukungu kisha inasafika, au inatokea safi papo hapo?" Inayoanza na ukungu na kusafika taratibu kadiri inavyopata joto ina soketi iliyovuja, kwa kuwa joto hukausha unyevu uliomo. Inayotokea safi kwa mkupuo, hasa baada ya kupigwa kofi ubavuni, ina lehemu iliyopasuka mahali fulani.

Vuta bodi ya shingo moja kwa moja kuelekea nyuma, polepole, bila kuizungusha wala kuiyumbisha. Tazama matundu ya soketi kwa tochi. Unga wa kijani au wa samawati, alama nyeusi za kuungua, au harufu kali ya kitu kilichochacha ni sababu tosha ya kubadilisha soketi, ambayo bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na flaibaki. Usijaribu kuiokoa kwa kuipulizia mafuta. Mafuta hayo hukamata vumbi, na baada ya wiki chache uvujaji huwa mbaya zaidi. Unapoagiza soketi, linganisha idadi ya miguu na upana wa shingo, kwa maana zipo za shingo nyembamba na za shingo nene.

Pini za tyubu zisafishwe kwa kitambaa laini chenye spiriti, na si kwa msasa. Bodi ikiwa bado nje, pima kwa mita pini mbili za hita, ambazo kwenye bodi huandikwa H au HEATER: hita nzima husoma omu chache tu. Isiposoma kabisa, hita imekatika na tyubu hiyo haina tiba. Ikisoma vizuri, fuata njia yake kwenye bodi, utazame rezista ndogo iliyo kwenye njia hiyo, na uchome upya lehemu za miguu ya soketi, kwani mara nyingi mwanya mwembamba wa mviringo kuzunguka mguu mmoja ndio ulioleta giza lote. Hita hutumia volti 6.3, lakini mita ya kawaida haitakupa namba hiyo runinga ikiwa imewashwa, kwa sababu umeme wake hupiga mara 15,625 kwa sekunde. Tegemea macho yako na kipimo cha omu.

Kofia ya mpira nayo ina shida zake za pwani. Ikiwa usiku wa unyevu unasikia mlio wa kuchemka na kuona mwanga wa zambarau pembeni ya kofia, toa chaji tena, iondoe kofia, safisha kioo chini yake kwa spiriti, kikaushe kabisa, kisha uirudishe. Ukiwa humo ndani, ondoa pia viota vya sisimizi na mijusi iliyokauka juu ya bodi. Mjusi aliyekufa kati ya miguu ya flaibaki si jambo la ajabu Lindi, na Newala kule juu tatizo kubwa huwa ni vumbi, ambalo huondolewa kwa brashi laini na hewa kavu.

Hatua ya tano: Kinobu cha SCREEN

Flaibaki nyingi zina vinobu viwili: cha juu ni FOCUS na cha chini ni SCREEN. Weka alama ya kalamu mahali kinobu cha SCREEN kilipo, au upige picha kwa simu, kabla ya kukigusa. Hilo si jambo la hiari. Nusu ya runinga ninazoletewa zikiwa na mwanga mbaya hazikuharibika, bali mtu alikizungusha kinobu hicho na hakujua kukirudisha.

Rudisha bodi ya shingo mahali pake, washa runinga, kisha zungusha kinobu kidogo sana upande wa kuongeza, kwa bisibisi ya plastiki ikiwezekana. Yapo majibu matatu. Kioo kikijaa mwanga wenye mistari myembamba ya mlalo iliyoinama kidogo, tyubu na flaibaki ni nzima, na ubovu uko kwenye saketi za rangi za bodi ya shingo au kwenye aisii kuu inayozuia picha. Pima volti 180 hivi za bodi ya shingo, kisha volti za kathodi tatu za tyubu, moja kwa kila rangi, ambazo kwa kawaida huwa kati ya 100 na 140. Zote tatu zikiwa juu karibu na 180, aisii kuu ndiyo inayoamuru giza, na mara nyingi huamuru hivyo kwa sababu imeona kosa mahali pengine. Jibu la pili ni mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, ambalo ni la hatua ya sita. Jibu la tatu ni giza lilelile. Hapo pima volti ya skrini kwenye bodi ya shingo, ambayo huwa mamia ya volti, na ikiwa iko chini sana rudi kwenye soketi kabla ya kuilaumu flaibaki. Rudisha kinobu kwenye alama baada ya kipimo.

Hatua ya sita: Mstari wa mlalo katikati

Mstari huu una maana kwamba mwale unakwenda kushoto na kulia lakini haupandi wala haushuki. Runinga nyingi za miaka ya karibuni huzima picha zenyewe zinapogundua hali hiyo, ili mstari usiuchome unga wa kioo, na ndiyo maana mtu huona giza badala ya mstari. Usiuache ukiwaka kwa mwanga mkali.

Tafuta aisii ya wima, iliyofungwa kwenye bati la kupozea karibu na soketi ya waya za yoki, yaani koili zilizovaa shingo ya tyubu. Katika runinga nyingi za inchi 14 na 21 utakuta LA7840 au LA78040, zinazotumia volti 24 hivi kutoka kwenye flaibaki kupitia rezista ndogo inayofanya kazi ya fyuzi. Anza na lehemu za miguu ya aisii hiyo, kwa kuwa joto lake huzipasua. Kisha pima rezista. Kisha badilisha kapasita ndogo zinazoizunguka, ambazo hukauka kwa sababu ya joto hilohilo. Rezista ikiwa imekatika, aisii nayo huenda ina shoti, hivyo usiweke rezista mpya peke yake na kuwasha. Aisii iwe ya mwisho kununuliwa, isipokuwa imepasuka wazi.

Mstari wa wima, yaani wa kutoka juu hadi chini, ni nadra zaidi: angalia waya za yoki na lehemu za soketi yake.

Hatua ya saba: Hakuna volti kubwa

Pima volti kuu inayolisha flaibaki, kwenye kapasita ya volti 160 iliyo upande wa pili wa transfoma ya umeme. Kwa runinga za inchi 14 na 21 huwa kati ya 110 na 115. Waya mweusi wa mita ushike ethi ya upande huo, kwa mfano bati la tyuna, kile kisanduku cha kupokea antena, na si ethi ya upande wa umeme wa ukutani. Ukichanganya ethi hizo mbili, utasoma uongo au utaunguza kitu.

Volti hiyo ikiwepo na flaibaki ikiwa kimya, fuata transista ndogo ya kuendesha, transfoma yake ndogo, na lehemu za flaibaki. Ikiwa haipo, au inapanda na kuanguka kwa mlio wa "tik, tik", chomoa umeme na upime transista kubwa, kama vile 2SD2499 au BU2508, kati ya mguu wa kati (kolekta) na wa emita. Shoti pande zote mbili maana yake imekufa. Tahadhari moja: transista za aina hii zenye dayodi ndani zina pia rezista ndogo kati ya besi na emita, hivyo kusoma omu 40 hivi hapo ni kawaida, na wapo wanaozitupa nzima kwa sababu ya kipimo hicho. Runinga ikiwa imewashwa, usiweke mita kwenye kolekta ya transista hiyo, kwa kuwa hapo kuna mapigo ya volti zaidi ya 1,000.

Usiweke transista mpya na kuchomeka moja kwa moja. Unganisha runinga kwa mfululizo na balbu ya wati 100 ya nyuzi, si ya LED. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, endelea; ikibaki na mwanga mkali, bado kuna shoti, na mara nyingi ni flaibaki. Flaibaki yenye ufa, kitundu kilichoungua au uvimbe ibadilishwe kwa namba yake kamili. Vipuri vingi huagizwa Kariakoo na kusafiri kwa basi mamia ya kilomita, hivyo mtumie muuzaji picha ya namba pamoja na herufi zake zote, kwa maana herufi moja tofauti inaweza kumaanisha mpangilio mwingine wa miguu.

Rangi moja kali, na tyubu iliyochoka

Kioo kikijaa nyekundu, kijani au bluu kali yenye mistari, kisha runinga ikajizima, pima transista ya rangi hiyo kwenye bodi ya shingo. Ikiwa nzima, gonga shingo ya tyubu kwa upole mno kwa mpini wa bisibisi. Rangi ikitoweka na kurudi, kathodi imegusana na hita ndani ya tyubu. Fundi mzoefu anaweza kuikata hita kutoka kwenye ethi na kuilisha kwa mizunguko michache ya waya kuzunguka chuma cha flaibaki, na runinga ikaendelea kutumika.

Tyubu iliyochoka hujulikana kwa picha inayochelewa dakika kadhaa, hafifu, yenye sehemu nyeupe zinazong'aa kama fedha. Kuipandishia hita volti huirudisha kwa muda mfupi tu, na mimi huwa simtozi mtu fedha kwa kazi hiyo bila kumweleza hivyo kwanza. Ikifika hapo, toa vipuri vilivyo vizima, lakini usiivunje tyubu wala kuitupa ufukweni, kwa kuwa kioo chake kina madini ya risasi.

Kufunga na kujaribu

Baada ya matengenezo, iache runinga iwake saa moja au mbili bila kifuniko, mahali ambapo hakuna atakayeigusa, kisha izime, ichomoe, toa chaji, na uguse lehemu ulizochoma kwa kipande cha mti uone kama zimeshika. Funga kifuniko kwa skrubu zake zote, hasa zile za karibu na shingo, maana kifuniko kilicholegea huigonga bodi ya shingo kila runinga inapohamishwa. Iweke umbali wa shibri moja kutoka ukutani, mbali na dirisha la upande wa bahari, na usiifunike kwa kitambaa ikiwa bado ina joto.